Wimbo Mmoja wa Dakika Hamsini na Mbili: Kumuaga Bi. Nola Stamper

Jumamosi, tarehe 30 Novemba 2024, Bi. Nola Stamper ataifunga fidla yake sandukuni kwa mara ya mwisho akiwa mwajiriwa wa Ukumbi wa Redbud. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne, miezi miwili, na siku kadhaa ambazo yeye na ofisi hawajakubaliana idadi yake.

Hakuajiriwa kupiga muziki. Septemba 1990 alikuja kama fundi bomba, kwa sababu choo cha wanaume kilikuwa kinavuja. Upande wa pili wa ukuta bendi ya ukumbi ilikuwa mazoezini, na mpiga fidla wa siku zile, ambaye jina lake tunalisitiri, alikuwa akiutesa wimbo usio na kosa lolote. Nola alivumilia robo saa. Kisha akaweka spana chini, akaingia, akanyoosha mkono bila salamu, na akapewa fidla. Jioni ile alipewa kazi. Choo kiliendelea kuvuja hadi Krismasi.

Wageni wa jarida hili wajue kwamba Redbud ilianzishwa na wapenzi wa jinsia moja waliotoka milimani na gitaa mkononi, wengine wakiwa wametimuliwa, wengine wakiwa wameondoka kabla ya kutimuliwa. Walikuja mjini Lexington na wakagundua kwamba walichokikosa zaidi si watu wa kwao bali nyimbo za kwao. Bendi aliyoiongoza Nola inaitwa Binamu wa Mbali, kwa kuwa ndilo jibu walilolitoa katika kila nyumba ya wageni walipoulizwa wana undugu gani. Nola alipiga fidla. Mkewe, Trudy Akers, alipiga gitaa. Emmett Sizemore, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa, alipiga besi na kuimba nyimbo za kantri za kuachwa na mwanamume. Mkulima mmoja kutoka kaunti ya Bath alihudhuria miaka mitatu, akatokwa machozi kila mara, kisha akamwambia Emmett kwamba muda wote alidhani anayeimbwa ni lori.

Nola ndiye aliyeokoa dansi yetu ya watu wanane. Mwita hatua wa kwanza, yule anayewatangazia wachezaji la kufanya, mtu mwema asiyejifunza haraka, alipotangaza wanaume wasimame huku na wanawake kule, nusu ya ukumbi ilibaki katikati ikitazamana. Nola alichana kitambaa cha meza, akagawa vipande, akasema mwenye kitambaa mkononi ataongoza na asiye nacho atafuata, basi. Wiki iliyofuata mume na mke mmoja, watu wa kanisani walioingia kwa kukosea mlango, walivalishwa vitambaa kinyume. Mke akaongoza. Wamekuwa wakija kila Alhamisi tangu 1994, na mume anasema hajawahi kupumzika hivyo.

Lakini hakuna kati ya hayo lililokuwa moyoni mwake. Nola alizaliwa kaunti ya Pruitt, kitinda mimba wa watoto sita wa Bi. Opal Stamper, na aliondoka huko mwaka 1976 akiwa na miaka ishirini na miwili, baada ya kanisa kumwomba achague kati ya kwaya na Trudy. Mama yake hakumfukuza. Hakumtetea pia. Aliendelea kumpigia simu kila Jumapili kuzungumzia hali ya hewa, na jina la Trudy halikuwahi kupita mdomoni mwake. Nola alipomwalika aje mjini asikie bendi, Bi. Opal alijibu kwa namna iliyofunga mjadala: "Siji huko. Ukitaka nikusikie, pigia hapa, panapopigia watoto wa watu wote."

Hapo ni jukwaa la Sikukuu ya Matofaa, Jumamosi ya pili ya Oktoba, mbele ya mahakama, ambapo Bi. Opal alikaa kiti cha mstari wa kwanza tangu enzi za vita. Basi kila Februari Nola aliandika kuomba nafasi. Mwaka wa kwanza kamati ilijibu kwamba ratiba imejaa. Mwaka wa pili, jukwaa ni dogo. Wa tatu, jukwaa linapanuliwa. Wa nne, limekuwa kubwa mno kwa bendi ya watu watatu. Mwenyekiti, Mzee Hobert Caudill, naye mpiga fidla, alitia sahihi barua zote kwa wino wa kijani. Mwaka 2003 Bi. Opal alikuwa na miaka themanini na minne na sikio moja lilikuwa limekwisha kuchoka. Nola alianza kuhesabu Oktoba zilizobaki.

Mwaka huo huo, asubuhi ya sikukuu, basi la bendi mashuhuri liliharibika njiani. Mzee Hobert alipiga simu kwa bendi saba, na zote zilikuwa na shughuli. Ya nane ilikuwa sisi. Masharti aliyasema mara mbili ili yasisahaulike. "Wimbo mmoja tu, Nola. Usiniongezee. Na hakuna kutambulishana pale jukwaani, nani ni nani wa nani." Nola akasema mmoja unatosha.

Watu wa huko wanaelewa wapi mzee yule alikosea. Kwa wengine inabidi tueleze. Nyimbo za fidla za mlimani hazina maneno na hazina mwisho. Zinazunguka kama jiwe la kusagia: ukifika ukingoni unaanza upya, mpaka yule aliyeuanzisha wimbo anyanyue mguu mmoja kuwaonyesha wenzake kwamba mzunguko huu ndio wa mwisho. Asiponyanyua, hakuna anayeacha. Kuacha kabla yake ni utovu wa adabu unaokumbukwa vizazi vitatu.

Nola alianza saa nane na dakika tano. Miguu yake yote miwili ilikuwa chini kama mizizi.

Kwa dakika kumi watu walisikiliza. Kufikia ishirini walikuwa wanacheza, kwanza watoto, kisha wakulima na wake zao, kisha karani wa mahakama peke yake. Mzee Hobert alionyesha saa yake. Nola alikuwa amefumba macho. Mzee akaagiza umeme ukatwe. Fidla, gitaa na besi hazikuwa na habari na umeme, na watu wakasogea karibu zaidi ili wasikie. Dakika ya thelathini na tano mzee alifanya kosa ambalo mpiga fidla peke yake angeweza kulifanya. Alichukua fidla yake, akapanda jukwaani, akajiunga, kisha akanyanyua mguu wake mwenyewe.

Hakuna aliyeacha. Wimbo haukuwa wake. Alisimama pale kwa mguu mmoja kama korongo, mzunguko wa kwanza, wa pili, hadi sauti ya mwanamke kutoka kwenye meza za keki ikamwambia, "Hobert, shusha huo mguu kabla hujaangukia watu." Akaushusha. Na kwa kuwa mikono ilikuwa tayari inapiga, iliendelea. Sehemu ya pili ya wimbo ule ina mgeuko wa upinde uliopigwa zamani na baba yake, na ulipofika tulimwona akisahau kwamba yeye ni mwenyekiti.

Dakika ya hamsini Bi. Opal alisimama. Akatembea na fimbo yake hadi chini ya jukwaa, akaelekeza sikio lake zima juu, na akabaki hivyo mzunguko mzima. Hakuwa anamtazama binti yake. Alikuwa anamtazama Trudy, ambaye kidole chake cha shahada kilikuwa kimechanika na nyuzi za gitaa zilikuwa nyekundu, na ambaye hakuwa amekosa hata pigo moja.

"Nola," alisema, kwa sauti ya mtu anayeita kuku. "Nyanyua mguu, mwanangu. Trudy anatoka damu, wewe umefumba macho tu. Ndivyo nilivyokulea? Haya, teremkeni wote wawili. Nimepika maharage, na mkate wa mahindi hauna subira."

Nola alifumbua macho. Akanyanyua mguu. Besi na gitaa viliacha pamoja, kwa usafi kabisa, na Mzee Hobert, ambaye hakuona chochote, aliendelea peke yake mzunguko mzima.

Walikula nyumbani kwa Bi. Opal, meza moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga Trudy kidole kwa kitambaa cha pamba na kumgombeza kwa kupiga gitaa bila kucha za kutosha. Tangu siku ile alipopiga simu za Jumapili alianza kwa kuuliza yuko wapi mwingine. Alifariki mwaka 2011, akiwa na miaka tisini na miwili. Nyumba aliiacha kwa maandishi yake mwenyewe, kwa majina mawili, na la Trudy ndilo alilotangulia kuliandika.

Huko ndiko wanakohamia Desemba. Uongozi, bendi na wacheza dansi wa Alhamisi wanakushukuru, Bi. Nola, kwa wanafunzi mia mbili na zaidi uliowafundisha kushika upinde, kwa mabomba uliyoendelea kuyatengeneza bila kuombwa, na kwa ukali uliotufaa. Wengi katika ukumbi huu tuna mahali ambapo hatutarudi. Tunapajua kwa nyimbo tu, na mengine tumeanza kuyasahau. Wewe unarudi kwenu mchana, kwa mlango wa mbele, na mkeo ubavuni. Afya njema kwenu, na kuni kavu majira yote ya baridi. Kaeni kwenye kibaraza cha Bi. Opal muda mrefu, na kaeni kidogo kwa niaba yetu.