Dada Yetu Aliyekalia Kofia

Baba Paroko, majirani, na ndugu zangu mliojaza kanisa hili, mimi Dwight Pospisil, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na sauti ikikwama mnivumilie, kwa kuwa aliyezoea kunituliza ndiye aliyelala hapo mbele.

Lavonne Marie Kubik alizaliwa tarehe 11 Machi 1961 katika shamba la wazazi wetu, kusini mwa Dry Fork, Nebraska, akasoma hapa hapa mjini hadi alipomaliza sekondari mwaka 1979, akawa muuguzi, kisha akarudi darasani Omaha na kuhitimu mwaka 1989 kuwa msaidizi wa daktari, akaajiriwa na Daktari Lindholm, bingwa wa mifupa, na kazi hiyo hakuiacha mpaka ugonjwa ulipomwondoa. Wengi wenu mmepita mikononi mwake, yeye ndiye aliyewapima goti, aliyeshika mguu daktari akikata, aliyeshona, aliyewafuata wodini asubuhi na kuwaambia ukweli, na mlipomwita daktari alijibu, "Daktari yuko ndani ananawa mikono, mimi ndiye nitakayekukera mpaka utembee."

Tarehe 4 Juni 1988 alifunga ndoa na Gene Kubik, wakajaliwa watoto wawili, Annette na Travis.

Kila Ijumaa jioni, msimu wa mpira wa Kimarekani, alisimama pembeni ya uwanja wa shule na mkoba wake, na desturi yake mnaijua, mchezaji akiumia kichwa hakubishana naye, alimvua kofia yake ngumu, akaiweka kwenye benchi, akaikalia, maana bila kofia hakuna refa wa kumruhusu kuingia. Tarehe 13 Novemba 2009, katika nusu fainali ya jimbo, aliyegongwa alikuwa Travis, mwanawe wa kumzaa, akajibu maswali yote sawasawa, lakini mama yake alikuwa amemwona akielekea benchi la wapinzani, akaikalia kofia. Kocha akaja juu, "Lavonne, nipe hiyo kofia, mtoto mzima kabisa huyu!" naye akajibu, "Mzima atakuwa baadaye, leo hachezi." Tulifungwa kwa pointi tatu, na mji huu ulimnunia mpaka Pasaka, wapo waliovuka barabara wasimsalimie, nawaona humu ndani, na asanteni kwa kolachi, vile vimikate vitamu mlivyoleta.

Hayo ya mji aliyacheka, la Travis hakuliweza, kijana alimwambia, "Ungekuwa mama yangu usingeniaibisha," akahamia Wyoming alipomaliza shule, akawa anampigia simu baba yake tu, na dada yangu, aliyesaidia kuunga mifupa ya wilaya nzima, hakujua pale aanzie wapi. Iliniuma sana kumwona akiisogelea simu ya Gene, kisha akirudi jikoni.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Omaha, na mwezi Agosti akaomba arudishwe nyumbani. Tarehe 19 Septemba Travis alifika, tukamkuta dada ameshachanganywa na dawa za maumivu, akilini yuko uwanjani anapima mchezaji, akainua kidole na kusema, "Travis, fuata kidole changu," naye akakifuata kulia na kushoto, machozi yakimtoka. "Bado," akasema dada, "leo huchezi, mwanangu." Travis akapiga magoti kando ya kitanda, akasema neno alilolikataa miaka yote ile, "Sawa, mama, sichezi." Lavonne alifariki kesho yake asubuhi, siku ya Ijumaa.

Familia inamshukuru Daktari Lindholm na wenzake wote wa kliniki, wauguzi waliokuja nyumbani, majirani waliomvunia Gene mahindi bila kuombwa, na wachezaji wa zamani watakaobeba jeneza, wengine kwa mabega aliyoyashona mwenyewe.

Lavonne, Travis amekaa hapa mbele, kichwa chake kizima, tumemwangalia. Inuka sasa kwenye hilo benchi, dada, ukapumzike kwa amani.