Filamu Nne za Friza ya Mbita

Jeff, weka simu chini na uketi. Kemuma, achana na hizo sufuria, uji hautakimbia. Ombui, mwambie mke wako, Mama Liz, asogee mpaka pale kwenye tangi la maji, asipite hapo, nami sitamtumbulia macho, ili chinsoni yetu, haya ya baba mkwe na mke wa mwanawe, ikae mahali pake. Nataka mnisikie wote kwa pamoja, kwa sababu katika boma hili neno likipelekwa na mtu halifiki.

Mimi Maranga, baba yenu, nina miaka themanini na mmoja. Daktari kule Homa Bay aliwaambia nyinyi kwanza, mkakubaliana kunificha, mkafikiri mtu aliyepiga picha nyuso za watu miaka hamsini hatazijua zenu. Najua. Tuendelee.

Mambo ya shamba hayana kelele. Sehemu ya Uriri kuanzia mfereji hadi mpaka wa Nchagwa ni ya Ombui. Ile nyumba ya studio pale Migori ni ya Kemuma, na asije mtu akasema ameolewa, kwa sababu yeye ndiye aliyeifagia nyinyi mkicheza mpira. Ng'ombe wote ni wa Jeff, ingawa Jeff hajui yupi ana mimba na yupi ameshiba tu.

Kilichonitoa kitandani asubuhi hii ni kamera. Jeff amepata mtu wa Nairobi anayekuja kesho kuichukua pamoja na filamu, aiweke ndani ya kabati la vioo. Baba yako bado anapumua na wewe unampigia mtu simu. Tena umesema mbele ya wageni kwamba picha ya mazishi yangu mtaitoa kwenye simu yako, ile uliyonipiga wodini. Nimeiona. Simu yako ina macho matatu mgongoni na haioni kitu. Imefuta kovu la paji la uso wangu, kovu nililolipata mwaka wa sabini na nne pale daraja la mto Kuja, nilipoanguka na baiskeli nikaikumbatia hii kamera na kuuacha uso uende kwenye mawe. Imenipa ngozi ya mtoto wa shule. Simu ikikosa mwanga inakisia, na kukisia uso wa mtu ni kumsingizia. Kamera hii haikisii. Lenzi yake ilisagwa na watu ambao hawakuwa na haraka, filamu yake ina upana wa vidole vitatu, na ukiikuza picha mpaka itoshe mlango bado utahesabu nyuzi za kola yangu. Mimi nataka kuzikwa na kovu langu, na nataka picha hiyo ipigwe leo. Sina lingine ninalowaomba.

Sasa filamu. Nimesema haya mpaka ulimi umechoka. Filamu ambayo haijapigwa inaharibika kama maziwa, ila inachukua miaka. Joto linaila. Unyevu unaila. Inakaa kwenye baridi, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, ndani ya kopo lenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Na siku ukiitaka unaitoa na kuiacha humo humo mfukoni mpaka ubaridi uishe, kwa sababu ukiifungua mapema hewa yetu hii itailowesha. Kuna ugumu gani hapo?

Lile duka la Kisumu lilipokuwa linafungwa mwaka wa 2005, nilinunua filamu arobaini, nyeusi na nyeupe. Nikanunua friji kwa ajili ya filamu hizo, na mama yenu ndiye aliyeomba nafasi ya kuweka maziwa. Miaka miwili iliyopita, siku watu wa kina Mogire, wakwe zetu, walipoleta mahari ya Kemuma iliyokuwa imechelewa miaka kumi na mitano, zilikuwa zimebaki ishirini na nane. Jeff akataka soda ziwe baridi. Akazitoa filamu akaziweka kwenye uchaga wa jikoni, juu ya moto uliopika mbuzi wawili kutwa nzima, na akazisahau huko mwezi mzima. Nilisafisha mbili kwa dawa kujaribu. Zilitoka kijivu mwanzo hadi mwisho, ukungu mtupu. Kwa sababu ya soda, Jeff.

Nilipozihesabu zile za uchagani, nne hazikuwapo. Nikasema mke wa Ombui amezitupa, maana nilikuwa nimemwona akisafisha droo ya mboga chini ya friji. Nilisema kwa sauti, kila mgeni akasikia, na nimelisema miaka miwili. Yeye hakujibu, kwa kuwa mke wa mwana hajibizani na baba mkwe. Neno lake linapitia kwa mume. Na lilipitia. Siku ile ile ya mahari alimwambia Ombui kwamba amezikuta nne drooni, ameona nyingine zikipelekwa jikoni, na anazibeba hadi Mbita kwenye friza yake ya samaki, ambayo haizimi hata stima ikipotea, kwa kuwa ana jenereta. Ombui, ulipewa sentensi moja uilete kutoka jikoni hadi hapa barazani. Hatua ishirini. Ukasahau. Umekumbuka Ijumaa hii, mke wako alipofika na zile nne ndani ya boksi la barafu, na ukanieleza huku unacheka.

Mama Liz, sasa nasema na wewe mwenyewe, si kupitia kwa mtu. Nilikuita mharibifu kwa ajili ya kitu ulichokiokoa. Na kabla ya hapo, siku ya harusi yako, niliipiga kwa filamu ya masalio, nikasema hizi nzuri naziweka kwa siku kubwa, nawe ulikuwa umesimama karibu ukasikia. Nisamehe. Nimeona aibu tangu Ijumaa na sikulala vizuri.

Siku kubwa. Hapo ndipo ninapojiudhi mwenyewe kuliko mnavyoniudhi nyote. Mwaka wa 2011 mama yenu Bitutu alishona gauni la buluu, akalivaa akasimama hapo mlangoni, akasema, "Baba Ombui, nipige moja tu." Nikamwambia hizo ni filamu za kuwekwa, angoje tufikishe miaka hamsini ya ndoa. Akasema haya, akarudi jikoni. Hakubishana. Alikuwa na miezi minne ya kuishi, na hakuna kati yetu aliyejua. Mnaikumbuka picha iliyokaa juu ya jeneza lake. Niliitoa kwenye kitambulisho nikaikuza kwa mikono yangu, mimi niliyewapiga maharusi wa Migori na wabatizwa wa Homa Bay, na uso wake ukawa madoadoa, na muhuri wa kadi ukamkata shavu. Siku hiyo friji ilikuwa na filamu thelathini na sita. Zote zilikuwa nzima.

Nipe maji, Kemuma.

Basi. Kamera ni ya Mama Liz. Si ya Ombui kupitia kwake, wala si ya nyumba yao. Ni yake, na filamu ni zake. Jeff, mpigie mtu wako umwambie asije. Usinitazame hivyo, ng'ombe wanakutosha. Ombui, na wewe usifungue mdomo, leo hatukuhitaji upeleke neno lolote.

Moja iko ndani tayari. Tangu Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia, ilikaa kwenye mfuko wake, na leo alfajiri nimeiweka mwenyewe. Ina picha kumi na mbili. Ni ya zamani, kwa hiyo inataka mwanga mwingi kuliko ule ulioandikwa kwenye boksi; nimeshapima, usiguse pete yoyote ya lenzi. Jua la saa tatu linaingia vizuri hapa. Iache kwenye miguu yake mitatu. Na kamera hii ina wema mmoja, Mama Liz: anayepiga hamtazami mtu. Anainamisha kichwa na kutazama kioo kilicho juu yake. Utanipata uso wangu wote bila kunikazia macho, na hakuna mzee wa Kisii atakayekuwa na la kusema.

Ya kwanza ni mimi. Ya pili ni wewe, na Ombui atakubonyezea, angalau hilo aliweze. Zilizobaki maliza leo. Kemuma akichambua mboga, mpige. Jeff akinuna, mpige. Na zile filamu tatu zisirudi kwenye friza. Nimesema zisirudi. Zikishapigwa zibebwe mapajani mpaka Nairobi, kwa mtu anayesafisha kwa mkono, zisiachwe juani garini.

Nimechoka sasa. Kemuma, ninyooshee kola. Usinipanguse uso.

Mungu awatunze. Awape riziki na subira, subira hasa, maana kwangu hamkuiona. Awape wajukuu watakaouliza sura zenu, nanyi muwe na cha kuwaonyesha. Msigombane juu ya... shamba. Msigombane.

Inamisha kichwa, mama. Utaniona upande wa kulia uko kushoto, usishtuke, ndivyo kioo kilivyo. Hata jua hili ni dogo kwa filamu kuukuu, picha itakawia kuingia, kwa hiyo nitakaa bila kupumua kidogo, nanyi nyamazeni. Usingoje nitabasamu. Nikifumba macho, mama, usingoje niyafumbue. Bonyeza tu.