Mama Mstari na Miezi Tuliyolipwa Kusimama

Baada ya kuitumikia Idara ya Barabara ya manispaa yetu kwa miaka thelathini na mmoja, mkuu wa kitengo cha takwimu za ajali anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kwenye karatasi za mshahara ana jina lake refu na zuri. Huku kwetu uwanjani, kwenye malori na mapipa ya lami, anaitwa Mama Mstari, na hata mumewe akija kumchukua jioni humuuliza mlinzi kama Mama Mstari keshatoka.

Kwa kawaida wasifu wa mtu wa cheo chake huandikwa na mtu wa cheo chake. Safari hii mhariri wa jarida alizunguka ofisi za juu, akakuta mmoja ana kikao, mwingine ana mafua, wa tatu anajiandaa kusafiri. Mwishowe alishuka uwanjani, akakuta mtu ameegemea beleshi, akaona huyu hana pa kukimbilia. Ndivyo kazi hii ilivyoniangukia mimi, kibarua wa kikosi cha pili, niliyeachana na shule mapema kwa makubaliano ya pande zote mbili. Wasomaji wanivumilie. Kwa nini wakubwa waliugua kwa pamoja, nitafika huko.

Mama Mstari aliingia idarani akiwa karani wa kupiga chapa. Enzi hizo ajali za mji zilihesabiwa mara moja kwa mwaka, zikafungwa kwenye jalada, jalada likafungiwa kabatini. Yeye aliona mwaka ni mrefu mno. Alisema mtu akivunjika mguu mwezi wa pili, barabara haiwezi kungoja mpaka mwezi wa kumi na mbili ndipo ipate habari. Akaanza kuzihesabu mwezi kwa mwezi, makutano kwa makutano, na kuzichora kuwa mstari wa wino mwekundu kwenye ubao mweupe, ajali zikizidi unapanda, zikipungua unashuka. Kwanza walimcheka. Kisha wakampa chumba. Kisha wakampa kitengo, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa na yeye, meza na feni mbovu.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alishuka uwanjani na ubao wake kwapani, akapanda juu ya kreti, akatusomea. Hakulazimika. Alisema anayeshika beleshi ana haki ya kujua beleshi lake limefanya nini. Mstari ukiwa umeshuka mahali tulipofanya kazi, tulivimba vichwa mpaka kofia za kazi zikatubana. Ukiwa umepanda, nyapara wetu alisema ni mvua. Alisema ni mvua hata kiangazi, wakati sisi tunakohoa vumbi.

Kwa njia hiyo hata kichwa changu kigumu kiliingiza mawili matatu. Nilijifunza kwamba wiki ya mishahara mstari hupanda, na wiki inayofuata, watu wakishaishiwa, hushuka wenyewe. Mwezi shule zinapofunguliwa hupanda asubuhi. Na mvua kubwa si mbaya kama manyunyu ya kwanza, yanayochanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika mpaka lami ikateleza kama sahani ambayo haijasuuzwa. Nyapara aliposikia hilo la mvua alitutazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Nyumbani kwake, tunavyosikia, takwimu hazikuwa na amani. Mumewe ni mwalimu wa udereva. Kila mwisho wa mwezi alimuuliza mkewe kama kuna mwanafunzi wake kwenye hesabu, na kila mwezi mkewe alimjibu ale chakula kwanza.

Sasa niseme la mteremko, maana ndilo lililowapa wakubwa mafua.

Wote tunaujua mteremko wa kiwanda cha sabuni. Zamani ulikuwa mashimo matupu. Magari yalishuka yakiyumba huku na huku, yakigongana vioo na kukwanguana milango, na ajali ndogondogo zilijaa kwenye ubao kama upele. Mama Mstari aliupigania mteremko ule miaka mingi. Aliandika, akafuatilia, akakaa kwenye mabenchi ya nje ya ofisi za watu mpaka wakaanza kupita mlango wa nyuma. Mwishowe pesa zikatoka, na kazi tukapewa sisi.

Nasema bila haya kwamba hatujawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Tuliziba, tukamwaga lami, tukashindilia. Mteremko ukalala laini kama shuka iliyopigwa pasi. Wakubwa walikuja kupiga picha. Kwenye picha ile mimi ni kile kiwiko upande wa kushoto. Nilimtumia mama yangu kijijini, safari ya siku mbili kutoka hapa, naye alikionyesha kiwiko kile kwa majirani.

Jumatatu ya kwanza iliyofuata tulisimama kifua mbele kungoja sifa. Mama Mstari alipanda kwenye kreti, akageuza ubao, na mstari wa mteremko ulikuwa umepanda. Nyapara akasema ni mvua. Mwezi wa pili ukapanda zaidi. Yale mashimo yalikuwa yakikwangua milango, lakini pia yalikuwa yakishika breki. Sisi tuliyaziba, na magari yakaanza kushuka kama mawe mpaka chini kabisa, penye lango la kiwanda, wanapovuka wafanyakazi wa zamu. Mwezi wa tatu fundi mitambo mmoja wa kiwandani aligongwa pale asubuhi, akafa. Alikuwa mtu tuliyekunywa naye chai ukutani wakati wa ile kazi yetu nzuri. Ndiye aliyetuazima ndoo.

Jumatatu ile Mama Mstari hakupanda kwenye kreti. Alituambia kwamba sisi tulifanya tulichoombwa, na aliyeomba ni yeye.

Dawa ilijulikana: matuta manne na kivuko chenye rangi pale langoni. Mhandisi wa idara alichora michoro haraka. Lakini ile ni njia ya malori ya kiwanda, na kiwanda hakikutaka matuta, kwa kuwa katoni za sabuni zingerushwa. Ilibidi kamati ya barabara ikae iamue, na kamati haikai kila siku. Mama Mstari hakuwa tayari kungoja huku mstari unapanda. Akaja kwa nyapara na ombi ambalo hatukuwahi kulisikia tangu tushike mabeleshi. Alitaka twende mteremkoni na koni zetu, kibao cha "Wajenzi Kazini", toroli na kifusi kidogo cha mchanga, tufunge upande mmoja wa barabara, tusimame.

Nyapara alimuuliza tukishasimama tufanye nini. Akajibiwa tuendelee hivyo hivyo.

Tukasimama. Miezi. Madereva walipoona koni na vizibao vya njano walipunguza mwendo, wafanyakazi wa kiwanda wakavuka. Mimi nilipewa nafasi ya kuegemea beleshi karibu na kifusi, na naweza kusema kwamba hatimaye kipaji changu kilipata mahali pake. Asubuhi tulihamisha mchanga kutoka kulia kwenda kushoto. Jioni tuliurudisha, usije ukajisikia ugenini.

Matusi tuliyoyala pale yangeshibisha ukoo. Dereva mmoja wa teksi alitoa kichwa dirishani akaniuliza, "Kaka, upande huo ukishaiva kuna mtu wa kukugeuza?" Mama mmoja aliyekuwa akivuka na kikapu alituambia kwamba kodi yake ndiyo inayotunenepesha. Hatukuweza kumwambia kuwa anavuka salama kwa sababu ya uvivu wetu huo huo. Mama yangu naye alinipigia simu, akaniuliza siku hizi nafanya kazi gani. Nikamwambia nasimama barabarani. Akaniuliza kama nina nauli ya kurudi nyumbani.

Lakini mstari ulishuka. Mwezi wa kwanza kidogo, wa pili sana. Katika maisha yangu yote ya kibarua sijawahi kufanya kazi kidogo namna ile, wala kuwafaa watu kiasi kile, na mpaka leo sijui moyo wangu uliweke wapi jambo hilo.

Kamati ilipokaa, Mama Mstari alikuwa amebakiza miezi michache tu kazini. Alikwenda na michoro ya mhandisi na ubao wake. Mwenyekiti, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliutazama ubao, akauliza matuta ya nini tena ikiwa mstari wake mwenyewe unasema mteremko umepona. Akaongeza kwamba kikosi kilichoko pale kimemaliza kazi vizuri, kwa hiyo mwisho wa mwezi kiondoke. Kikao kikaahirishwa kwa wiki moja.

Tulikuwa tumesimama vizuri kupita kiasi. Tungezembea kidogo tungepata matuta.

Wiki ile uwanjani hapakuwa na usingizi wa mchana. Mhandisi, kijana mwenye adabu, alimsihi Mama Mstari anyamaze kuhusu kusimama kwetu, astaafu kwa amani, wengine wataendelea. Nyapara akaja na akili yake: tuondoke mwezi mmoja tu, mstari upande wenyewe, kamati ione kwa macho yake. Nakiri sote tuliona ni akili nzuri. Mama Mstari alimtazama, akamwambia, "Baba, huo mstari utapandia miguu ya nani?"

Ukuta wa kiwanda tulikuwa tunauona kila siku, na mahali alipokuwa akikaa yule fundi pia.

Siku ya kikao aliingia, akawaambia kwamba mteremkoni hapakuwa na ukarabati wowote tangu tulipofika na koni. Kamati haikuelewa. Ikatuita nyapara na mimi tuliokuwa nje na vizibao vyetu. Mwenyekiti akatuuliza tumetengeneza nini miezi yote hiyo. Nyapara, mtu anayeweza kuhutubia toroli, alinigeukia mimi.

"Tumesimama, mama," nikasema.

"Mmesimama mkifanya nini?"

"Tukisimama."

Mtu mmoja mwisho wa meza alicheka, akajifanya anakohoa. Mhandisi alikuwa akichunguza viatu vyake. Mama Mstari akasimama na yeye.

"Hawa nimewasimamisha mimi," alisema. "Nililia barabara ilainishwe, ikalainishwa, mtu akafa. Nilikosea. Mkiwaondoa hawa bila kuweka matuta, watakufa wengine, na safari hii tutakuwa tunajua."

Matuta yalipitishwa siku ile ile. Na siku ile ile Mama Mstari akaandikiwa onyo la maandishi, la kwanza katika miaka yake yote: kutumia nguvukazi ya manispaa kwa kazi isiyokuwepo. Sisi tuliopoteza muda huo kwa furaha hatukuandikiwa kitu. Tulihamishiwa kwenye mitaro, ambako mtu akijaribu kusimama huzama.

Lakini kwanza tulirudishwa mteremkoni kuyajenga matuta yenyewe. Tulifanya kazi hasa, jasho mpaka soksini. Yule dereva wa teksi alipita, akatuona tumeinama, akapunguza mwendo kwa mshangao.

Mwezi uliopita ulikuwa mwezi wa kwanza wa matuta bila mtu yeyote wa kusimama. Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu Mama Mstari alishuka na ubao, akapanda kwenye kreti taratibu, maana magoti yake pia yana mstari unaopanda. Tulijua kwamba mstari wa mteremko ukipanda, amelipokea lile onyo bure, na hana mwezi mwingine wa kurekebisha. Akageuza ubao. Langoni pa kiwanda: magari mawili yamekwanguana, mtu hata mmoja hakuumia. Akaifunika kalamu yake ya wino, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Haya wanangu. Sasa nendeni mkafanye kazi." Nyapara alifuta macho, akasema ni vumbi. Angalau hakusema ni mvua.

Watakaokuja Ijumaa ukumbini wataona kwamba kwenye meza ya zawadi hakuna ile ngao ya utumishi mrefu. Kanuni inasema mwenye onyo kwenye jalada hapewi ngao, na hakuna mkubwa aliyetaka kuandika wasifu wenye maelezo ya namna hiyo. Mimi sina cheo cha kupoteza, kwa hiyo nimeandika. Mama Mstari mwenyewe, nilipomuuliza kama inamuuma, alisema ukuta wa sebuleni umejaa picha za wajukuu, na ngao ingemlazimu kumtoa mmoja.

Asante, Mama, kwa kutusomea sisi ambao hakuna aliyewahi kutusomea. Asante kwa kukubali kosa mbele ya watu, jambo ambalo nyapara bado analifanyia mazoezi. Tunakutakia afya, na siku ndefu zisizo na haraka yoyote. Kuhusu hotuba za kukuaga, usijali: kila lori la sabuni linapofika pale chini hugonga tuta la kwanza, katoni zinaruka, na dereva anamtaja aliyeleta matuta kwa maneno ambayo mhariri hataki niyaandike hapa. Kisha anapunguza mwendo, na watu wanavuka.