Mlio Mmoja Tu: Risala ya Wasioona wa Suneka kwa Wenye Karani

Mgeni rasmi, Bi. Natasha Mogire, mkurugenzi wa kampuni iliyotengeneza programu ya Karani. Bwana Ian Onyancha, mratibu wa mradi huu hapa kwetu. Wachungaji, walimu, na majirani wa soko la Suneka. Na wewe Karani, uliyewekwa mezani mbele yetu ndani ya laptopu: bwakire buya, habari za asubuhi.

KARIBU SUNEKA

Sisi wanachama wa Kikundi cha Omorembe, wasioona tunaotumia kompyuta, tunakukaribisha, Bi. Natasha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumesikia ukiwasalimu watu mlangoni kwa Ekegusii safi, na tumeambiwa nyumbani kwenu ni Nyamira. Tulifurahi. Kisha Mzee Ongeri, mwenyekiti wetu, akatunong'oneza, "Siku zote wametuletea wageni wa Nairobi. Leo kwa nini wameleta wa kwetu?" Swali hilo tumeliweka akiba. Tutalirudia mbele.

Mkungu wa ndizi ulio kando ya kiti chako ni wako. Uchukue bila wasiwasi, hauna maikrofoni.

Kabla hatujaendelea, tuseme jambo moja ili tusionekane watu wa hila. Tunakusikia ukigeuza karatasi. Hiyo ni nakala iliyochapishwa, ambayo Bwana Ian aliikagua jana akaondoa sehemu alizosema hazifai kusomwa mbele ya mgeni. Hii tunayoisoma kwa vidole ni ya breli. Hii nayo aliikagua. Alipitisha kiganja juu yake mara moja, akasema, "Safi kabisa." Tunamshukuru kwa kuipitisha. Mgeni rasmi, ukiona karatasi yako na maneno yetu vinapishana, weka karatasi chini utusikilize sisi.

TULIKOTOKA

Zamani kila mmoja wetu alikuwa na mtu wa kumwandikia. Ukitaka kumwandikia mchumba, unamwita kaka yako. Ukitaka kulalamika kuhusu kaka yako, unamwita nani? Linet, mweka hazina wetu, aliposwa na kuachwa kwa barua ambazo familia nzima ilizijua kabla yake. Hatukuwa na siri. Siri zetu zilikuwa mdomoni mwa anayeona.

Waliosomea breli tangu utotoni walijifunza kupiga chapa. Lakini wapo kama Thadeus, fundi wa redio pale Kisii mjini, ambaye macho yalimwacha akiwa mtu mzima mwenye watoto. Vidole vyake vinaijua waya, havikuzoea herufi za kompyuta. Kwa mtu kama huyo, kompyuta iliyo tayari kuandika unachosema si anasa. Ni kurudishiwa kalamu yako.

Ndipo kampuni yako ikaja na Karani, ikatuomba tumjaribu na kusema wazi palipo na kasoro. Mlitumia neno hilo, "wazi". Tunalikumbuka vizuri.

TUNAYOSHUKURU

Hatuna kinyongo na mashine. Tulimzoea Karani tukawa tunamwita kama mtu. Thadeus sasa anawaandikia wateja wake mwenyewe, na akikosana nao anakosana nao mwenyewe. Linet amepata mchumba mwingine, na kaka yake hajui hata jina. Hilo peke yake lilifanya tumshangilie Karani siku nzima.

Na Damaris Bosibori, katibu wetu, alipata kazi kwenye ofisi ya shule moja ya kibinafsi mjini. Ndiye wa kwanza katika kikundi hiki kukaa kwenye dawati la ofisi. Siku anaanza kazi tulimsindikiza hadi langoni tukiimba, mpaka askari wa lango akauliza kama kuna harusi.

LINALOTUUMA

Mgeni rasmi, Karani akifungua sikio, yaani maikrofoni, alama ndogo kwenye skrini huwa nyekundu. Akilifunga, alama huwa ya kijivu. Tunaambiwa ni rangi za kupendeza. Programu ya wasioona, inayosema kwa rangi! Nani alikaa mahali akafikiria hivyo, na nani akampigia makofi?

Mwanzoni tulilicheka jambo hili. Mzee Ongeri alitunga hotuba ya harusi ya mjukuu wake, akahubiri mbele ya laptopu asubuhi nzima, machozi yakamtoka, kumbe Karani alifunga sikio tangu kwenye salamu. Hakukuwa na hata neno moja. Tukacheka naye. Kisha tukawaandikia tukiomba kitu kidogo: Karani atoe mlio akifungua sikio, na mlio mwingine akilifunga. Tik na tok, basi. Mkatujibu kwamba mafundi wanaona mlio utawakera watumiaji. Tukauliza, watumiaji gani? Hatujajibiwa mpaka leo.

Swichi ya taa ina mlio. Komeo la choo lina mlio. Karani tu ndiye anayeingia na kutoka kwa kunyata, na wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ukaja.

Damaris alikuwa ofisini akiandika barua kwa wazazi kuhusu likizo fupi. Aliimaliza. Akaisikiliza yote, mstari kwa mstari, kwa ile sauti ya kompyuta inayotusomea, akaridhika. Kilichobaki ni kutuma tu. Simu yake ikalia. Akasema, "Karani, pumzika," kama mlivyotufundisha, akapokea. Alikuwa rafiki yake wa Busia, kwa hiyo wakaongea Kiswahili. Rafiki akamuuliza kazi inaendaje na mkubwa wake yukoje. Damaris akacheka, akasema, "Huyu mwalimu mkuu wetu, dada, ana maneno! Watoto wamesimama paredi jua linawachoma, wengine wanayumba, naye ndiyo kwanza anasema 'kwa kifupi'."

Wakaagana. Damaris akatuma barua. Karani hakuwa amepumzika. Barua ikafika kwenye simu za wazazi wote, na chini ya "Wenu katika huduma" kukawa na yale maneno ya paredi, yamepangwa vizuri, na nukta zake na mikato yake. Siku hiyo Karani hakukosea hata neno.

Wazazi wakacheka, wakasambaza. Mwalimu mkuu hakucheka. Damaris akaambiwa akae nyumbani, na bodi ya shule itaamua Jumatatu kama anafutwa. Alieleza kwamba aliamuru maikrofoni ifungwe. Shule ikawauliza ninyi, wenye Karani. Mkajibu. Barua yenu tumesomewa, na tumeikariri: "Mtumiaji hakuhakikisha maikrofoni imezimwa. Alama nyekundu ilionekana wazi kwenye skrini."

Ilionekana wazi. Na nani, mgeni rasmi? Tunauliza kwa heshima zote, na kwa hasira pia, kwa maana hasira tunayo. Mtu mmeambiwa haoni. Mmempa programu kwa sababu haoni. Mmepigwa picha naye kwa sababu haoni. Halafu mnamshtaki kwa kutoona?

Wala si Damaris peke yake anayeumia. Juzi Linet alienda kuomba kazi duka moja la vitabu mjini. Mwenye duka akamwambia, "Mama, nyinyi na hizo kompyuta zenu, si tumesoma ile barua?" Linet akatoka nje. Akamshika boda wake bega, akamwambia waende.

TUNACHOTILIA SHAKA

Aliyeumwa na nyoka akiguswa na jani hushtuka, na sisi tumeumwa. Kwa hiyo mtuvumilie tukiuliza mambo ambayo watu wastaarabu hawaulizi wageni.

Kwanza, mlio. Jambo dogo hivi mnalikataa kwa nini? Thadeus, ambaye amefungua redio nyingi kuliko sufuria, anasema kuweka mlio ni kazi ya kijana mmoja na kikombe kimoja cha chai. Basi kama si ugumu, ni nini? Maana mlio ungetujulisha Karani amelala saa ngapi, na pia ungetujulisha ameamka saa ngapi. Labda hilo la pili ndilo linalokera.

Thadeus huyo huyo amegundua kwamba bando za simu yake, anayoiunganisha na laptopu, zinaisha hata siku ambazo amemwambia Karani apumzike na hajaandika neno. Alimuuliza Bwana Ian. Bwana Ian akasema ni masasisho. Wiki iliyofuata, masasisho. Mwezi uliofuata, masasisho. Hatusemi mnatusikiliza. Tunauliza tu, hicho kinachosasishwa kila siku mbona hakijapata mlio?

Tangu yaliyompata Damaris, tumejiwekea desturi. Laptopu ikiwa karibu, mambo ya nyumbani tunayasema kwa Ekegusii, kwa sababu Karani anajua Kiswahili na Kiingereza tu. Ugonjwa, mapenzi, ugomvi wa shamba, hata kusengenyana, yote tumehamishia huko. Ekegusii ndicho chumba chetu cha ndani, chenye mlango unaofungika.

Na leo, mgeni rasmi, tumealikwa hapa kushuhudia ukizindua awamu ya pili, ambayo ni kurekodi sauti zetu ili Karani ajue Ekegusii. Sasa tunalirudia swali la Mzee Ongeri. Wametuletea wa kwetu kwa nini? Tunahofu jibu ni kwamba mlango huo unafunguliwa na wa ndani.

Usituelewe vibaya. Tunamtaka Karani wa Ekegusii kuliko unavyofikiri. Mzee Ongeri anatamani kuandika hadithi za mama yake kwa maneno ya mama yake. Ndiyo maana tunaumia. Mngekuwa mmetuletea kitu tusichokitaka, tungewapa soda tukawaaga.

TUNAYOOMBA

Tunaomba mlio. Mmoja wa kufungua na mmoja wa kufunga, unaosikika, usioweza kuzimwa na mtu mwingine isipokuwa mwenye kompyuta.

Tunaomba uiandikie bodi ya shule kabla ya Jumatatu, kwa jina lako, useme ukweli: kwamba Damaris alitoa amri sahihi, na kwamba programu yenu haikuwa na njia ya kumjulisha asiyeona kuwa haikutii. Kazi yake ina mama mgonjwa nyuma yake na watoto wawili, na ina sisi wote nyuma yao.

Bwana Ian ametuletea barua ya kusema tumeridhika na Karani, tuweke dole gumba leo. Vidole gumba vyetu viko hapa na ni safi. Havitagusa wino, wala hakuna atakayerekodiwa Ekegusii, hata "mbuya mono" ya kusema asante, mpaka hayo mawili yatimie.

MWISHO

Mungu akulinde njiani hadi Nyamira, aibariki kazi yako, na akujalie usingizi wa mtu asiyemficha mwenzake kitu. Sisi ni Kikundi cha Omorembe cha Wasioona Wanaotumia Kompyuta, Suneka.

Kikundi kimeniruhusu kusema "mimi" mara moja. Mimi ninayesoma ni katibu wao, Damaris Bosibori, yule wa barua. Nilisema, "Karani, pumzika." Nilisema kwa sauti, mgeni rasmi, na nilisema mapema.

Limebaki dogo. Asubuhi Bwana Ian alitueleza kwamba Karani angeiandika risala hii ukutani, kwa projekta, tunavyoisoma, ili wageni wajionee anavyofanya kazi. Tulipofika kwenye habari za breli, tulisikia viatu vikienda mezani taratibu na kurudi. Tangu hapo hatujui kama maneno yetu yanaandikwa ukutani, au yamefungiwa, au yanakwenda kwingine. Ukumbi mzima unajua isipokuwa sisi tunaosema.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini leo tunakuomba utazame. Ile alama sasa hivi ni nyekundu au ni ya kijivu? Usitikise kichwa. Tuambie kwa sauti, sisi tunanyamaza.