Castory Ruhuza na Redio Iliyopanda Lori la Dagaa

Wasifu huu umeandikwa na familia, na unasomwa na mdogo wa marehemu, Brigita Ruhuza, mkunga mstaafu. Kabla ya yote ijulikane kwamba jana kikao cha familia kilibishana saa tatu nzima kuhusu jambo moja tu: habari ya kijana Hamdani isomwe au iachwe? Wajomba walisema iachwe, maana msibani si mahali pa kumvua marehemu nguo. Mjane, Mama Veneranda, akawajibu kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza isomwe, na asiyetaka kuisikia atangulie kwenye masufuria ya wali. Hakuna aliyetangulia, kwa hiyo itasomwa.

Marehemu Castory Telesphory Ruhuza alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa Bangwe, Kigoma, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Telesphory Ruhuza, mfanyakazi wa reli, na Mama Christina. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alipigwa kofi la kwanza akanyamaza, la pili akanyamaza, la tatu akatoa sauti moja fupi, kama mtu aliyeitika kwa kulazimishwa. Tangu siku hiyo hadi anastaafu, maneno yake yaliendelea kutoka kwa kipimo hicho hicho.

Alisoma shule ya msingi hapa Bangwe kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Darasani aliheshimiwa kwa sababu ya masikio, si kwa sababu ya hesabu. Aliweza kumtambua kila mwalimu kwa kishindo cha viatu akiwa bado yuko mbali, naye alikuwa akiinua kidole kimoja kwa mwalimu mpole na viwili kwa mkali, darasa zima likatulia. Miaka mitatu walimu waliamini wana darasa lenye adabu kuliko yote mkoani. Siku mwalimu mkuu alipokuja peku kwa sababu ya matope, siri ikafichuka, na Castory akahamishiwa dawati la mbele kabisa. Alimaliza kidato cha nne mjini Kigoma mwaka 1976.

Mwaka 1977 aliingia Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka uliofuata akaandikishwa jeshini. Mwaka 1980 alipelekwa kwa wanamaji, na huko masikio yake yakapata kazi inayoyafaa. Kazi hiyo huitwa vita vya kielektroniki. Sisi nyumbani tulidhani ni vita vya mafundi umeme. Kwa kifupi, ni kukaa ndani ya meli ukiwa na visikizio masikioni, kunasa mawimbi ya redio na rada za watu wengine, kujua yanatoka wapi, kuyavuruga ikibidi, na kuficha ya kwenu. Mwaka 1984 alipelekwa nje ya nchi kwa kozi ya miezi kumi na minne. Alirudi na cheti na koti zito ambalo Kigoma halikuvaliwa hata siku moja, ila hakukubali ligawiwe.

Alifanya kazi baharini miaka mingi, kisha mwaka 1998 akaletwa huku ziwani awe mwalimu wa fani hiyo. Wanafunzi walimwita Mzee Kimya. Alikuwa akiwafundisha kwamba mtu hutambulika redioni hata kabla hajasema neno, kwa jinsi anavyovuta pumzi baada ya kubonyeza kitufe. Wanafunzi wakamjaribu: wakabonyeza mmoja mmoja, bila kusema, yeye akiwa chumba cha pili. Aliwataja wote kwa majina, na mmoja akamwambia akapime mapafu. Kijana alikwenda kupima, na kweli alikutwa na shida.

Ndoa aliifunga Jumamosi tarehe 20 Septemba 1986, na Mwalimu Veneranda wa Kasulu. Siku ya kwanza ya kujitambulisha ukweni alikaa kwenye kiti saa mbili bila kufungua mdomo. Baba mkwe akamgeukia mshenga na kuuliza, "Mshenga, huyu kijana mmeniletea bubu?" Castory akajibu, "Hapana, Mzee. Nasikiliza kwanza." Mzee akapendezwa na jibu hilo kuliko mahari. Mama Veneranda anasema hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizotoa mumewe mwaka ule. Mungu aliwajalia watoto wawili, Walter na Christina, na wote ni waongeaji kama mama yao, ashukuriwe.

Sasa tufike kwa Hamdani. Mwaka 2004 marehemu alikuwa na wanafunzi sita, na mtihani wao wa mwisho ulikuwa wa kutafuta redio iliyofichwa. Mwalimu huficha redio ndogo, yenye ukubwa wa kipande cha sabuni, inayorusha mawimbi kila dakika na kutoa mlio mdogo, pii, ili ijulikane kwamba ni nzima. Mwanafunzi hushika antena, anatafuta mawimbi yanakotokea, anachora mstari kwenye ramani. Anahama, anachora mwingine. Mistari inapokutana, redio ipo hapo.

Jumanne tarehe 12 Oktoba 2004, marehemu aliificha redio hiyo mwaloni Katonga, mitumbwi inaposhusha samaki, ndani ya gunia la dagaa wakavu. Hakuuliza gunia ni la nani. Kwa mtu aliyekulia Bangwe, kosa hilo halina utetezi, kwa sababu dagaa wakishaingia kwenye gunia, wameshapata safari. Gunia lilikuwa la Bi Shadia, mfanyabiashara wa hapo hapo, na saa nne asubuhi alilipakia kwenye lori la kwenda Kasulu.

Wanafunzi watano walijua kwamba Mzee Kimya kila Jumanne hununua dagaa Katonga, maana buti zake zilinuka. Wakakisia, wakachora mistari yao ikakutana Katonga vizuri kabisa, wakapewa alama za juu. Wa sita, Hamdani Nassib, kijana wa Ujiji, hakukisia. Mstari wake wa kwanza ulipita Katonga, wa pili mjini, wa tatu ukaelekea Mwandiga, njia ya Kasulu. Akasimama mbele ya wenzake akasema, "Afande, redio inatembea."

"Redio haina miguu, Hamdani," marehemu alimwambia. "Sifuri. Kaa chini."

Wenzake walicheka mpaka wakakohoa. Marehemu alisaini matokeo, akayapeleka ofisini, kisha jioni akarudi Katonga kuchukua redio yake. Hakukuta gunia. Hapo hapo alijua. Angeweza kurudi akasema, "Nimekosea," ikaisha siku hiyo hiyo. Lakini alikuwa mwalimu wa miaka sita asiyekosea, na kifaa cha jeshi alikuwa amekipoteza kwenye mboga. Akanyamaza. Na kunyamaza, kama tulivyosema, alikujua sana.

Siku ya nne Bi Shadia alimkuta Katonga, akamkabidhi redio ikiwa imefungwa kwenye kitenge. "Afande, kidude chenu hiki kimeniharibia biashara," alilalamika. "Abiria wa lori wameshuka wote njiani. Kasulu nzima wanasema dagaa wangu wanaongea, mpaka mchungaji ameitwa kuliombea gunia." Marehemu alinunua gunia lile zima, akamwomba asimwambie mtu. Nyumbani kwetu tulikula dagaa hadi Pasaka bila kujua tunakula ushahidi.

Hamdani alitolewa kwenye kozi akapelekwa jikoni. Miaka minne baadaye mkataba wake uliisha, akaacha jeshi, akafungua kibanda cha ufundi wa redio na simu Ujiji. Sifuri ilibaki kwenye makaratasi, lakini jina likatoka naye getini. Askari walimwita Redio ya Miguu, likafika sokoni, likafika kwa waendesha bodaboda, na hadi juzi wapo waliomwita hivyo.

Marehemu alistaafu mwaka 2012 akiwa Afisa Mteule Daraja la Kwanza, akarudi hapa Bangwe. Redio za nyumba hii zikaanza kuharibika ajabu. Kila Jumanne alioga, akajipaka manukato, akaenda Ujiji na redio mbovu kwapani. Mama Veneranda aliona dalili zote za nyumba ndogo. Siku moja akakodi bodaboda, akamfuata. Alimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda kibandani kwa Hamdani, anamtazama akichomelea waya, na hakuna anayesema neno. Mama alirudi nyumbani ameaibika, lakini pia, anasema, amekasirika kidogo kwa kukosa mtu wa kugombana naye.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alilazwa mara kadhaa mjini, na hata huko hakuacha kazi. Aliwaambia wauguzi kwamba mashine ya kitanda cha nne inalia kwa kuchelewa. Walimpuuza siku mbili, fundi akaja, akasema ni kweli. Mwezi Aprili mwaka huu, roho ilipomsuta kupita kiasi, alimweleza mkewe habari yote ya gunia. Mama Veneranda alicheka mpaka akalia. Kisha akakasirika kwelikweli, akamtuma Walter amlete Hamdani siku hiyo hiyo. Walter na mama yake walikuwepo, na maneno haya ni yao.

"Hamdani," marehemu alianza, "ile redio ilikuwa inatembea."

"Najua, Afande."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Antena si nilikuwa nimeishika mimi?"

"Basi nisamehe."

"Nilishakusamehe, Mzee, ulipoleta redio ya tatu. Waya haujikati wenyewe kwa koleo. Nikasema huyu ana lake moyoni, nimwache aseme. Umeleta redio kumi na nne, hukusema. Sifuri hainiumi. Kinachoniuma ni mwanangu, shuleni wanamwita mtoto wa Redio ya Miguu."

Hapo marehemu alilia, na Mama Veneranda anasema hakuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo. Alipotulia akasema, "Sifuri nilikupa mbele ya watu. Haki yako nitakupa mbele ya watu."

"Basi waite sasa, Mzee. Usingoje."

"Nikiwaita sasa watakuja wanne, na wawili watakuwa na haraka. Msibani watakuja wote."

Alifariki dunia Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 67. Ameacha mjane, Mwalimu Veneranda, watoto wawili, Walter na Christina, wajukuu watano, na mdogo wake Brigita, anayesoma hapa na ambaye tangu leo hana kaka. Tulimpenda sana, na nyumba imekuwa kimya kwa namna ambayo hatukuizoea.

Yanayofuata ni maneno ya marehemu, aliyoyasema polepole na Walter akayaandika. Wale wanafunzi watano wa mwaka 2004 ambao wapo hapa, tumewaona, wanaombwa wasimame na kuvua kofia.

"Zoezi la tarehe 12 Oktoba 2004. Jibu la mwalimu: Katonga. Jibu la Hamdani Nassib: redio inatembea, ipo njia ya Mwandiga. Mwalimu alikosa, akajua kwamba amekosa, akanyamaza miaka ishirini. Wanafunzi watano walikisia. Aliyefaulu ni mmoja. Mtoto wake yupo hapa, nimeomba aletwe na akae mbele, asikie mwenyewe kwamba baba yake alikuwa sahihi."

Kaka, amesikia. Nenda kwa Mungu, ukapumzike kwa amani yake.