Siku Fupi za Dahir

Benchi letu liko nyuma ya soko la mbuzi hapa Garissa: ubao mmoja juu ya mitungi miwili ya maji iliyotoboka, na pembeni birika la Faduma la kahawa ya tangawizi. Mimi nauza maziwa ya ngamia hatua tatu kutoka hapo. Nasikia yote, na nisichosikia nauliza. Asubuhi hiyo Dahir, tunayemwita Geti kwa kulinda lango la shule miaka mingi, alikuja na uso wa mtu aliyemeza ndimu. Kitambulisho chake kinasema ametimiza sitini. Ijumaa anaachishwa kazi.

— Sijafika sitini, wallahi. Yule afisa alitazama ndevu zangu tu, akaandika mwezi wa kwanza tarehe moja.

— Pole, aboowe, nikamwambia. Aboowe ni kaka mkubwa. Namwita hivyo tangu nifiwe na mume, na Faduma huguna kila akisikia.

Akaguna.

Hamze Redio, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Ifo, alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Tarehe moja? Karibu ukoo! Kule Ifo bloku yetu nzima ilizaliwa siku hiyo. Mimi, mama, hata nyanya. Lazima dunia ilisimama ghafla, watu wakamwagika.

— Dunia haisimami, akasema Musembi, mwalimu wa sayansi kutoka Ukambani. Lakini inapunguza mwendo. Mwezi unavuta bahari, bahari inaisugua dunia kama breki. Zamani siku ilikuwa saa ishirini na tatu.

Dahir akaweka kikombe chini.

— Rudia hapo. Siku za zamani zilikuwa fupi?

— Fupi.

— Basi miaka yangu ya kwanza ilikuwa midogo! Ukiipima kwa siku za leo, sitini haifiki!

— Geti, nasema mamilioni ya miaka. Katika maisha yako tofauti haifiki hata kupepesa jicho.

— Wewe hukuwepo.

— Ni visima, akadakia Hamze. Habaswein mpaka Wajir wametoboa ardhi. Gurudumu lililotobolewa linakwenda?

— Ni maghorofa, akasema Faduma. Enzi za nyumba za mikeka dunia ilizunguka bila jasho. Sasa imebebeshwa mzigo kama ngamia wa kuhama.

— Kwani ina umri gani, mwalimu? nikauliza.

— Miaka bilioni nne na nusu.

— Nani aliiona ikizaliwa?

— Mawe yamepimwa, mama. Ndani yana madini yanayobadilika polepole, kwa mwendo unaojulikana.

— Ee! Jiwe linajua umri wake, mimi sijui! Dahir akajipiga goti. Basi nipimeni mimi pia.

— Fungua mdomo tuhesabu meno, akasema Faduma. Kama mbuzi pale sokoni.

Akafungua kweli. Hamze akachungulia.

— Mwalimu, huyu ameitangulia dunia.

Tulicheka. Dahir hakucheka.

— Bila lango lile, akasema, nitaamka niende wapi?

Hapo ndipo alipofika Filsan, karani mpya wa shule, faili kwapani.

— Adeer Dahir, akasema, kwa heshima ya kumwita ami, nimekutafuta kote. Mkuu wa shule atangoja, ukileta mtu aliyekuwepo ulipozaliwa, aape. Nani hapa anakumbuka mwaka huo?

Musembi na mabilioni yake akatazama mawingu. Hamze akaanza kufuta kahawa aliyoimwaga. Faduma akainamisha birika. Halikutoa hata tone.

Mimi nilijua. Mto ulikuwa umefurika, na mwalimu alituandikia tarehe ubaoni kila asubuhi. Nilisoma mwaka ule mmoja tu, ndiyo maana namba yake haijanitoka. Nilitazama maziwa yangu. Yalikuwa sawa tu, hayakuhitaji kutazamwa.

— Andika elfu moja mia tisa sitini na nane, nikasema. Siku aliyojifungua, mama yake nilimchotea maji mimi.

Faduma hakuguna. Aligeuka mzima mzima.

— Mimi ndiye aboowe wako? akauliza Dahir, machozi na kicheko pamoja.

Filsan alikuwa ameshaandika.

— Asante sana, eedo, akasema, yaani shangazi. Na wewe mwaka huo ulikuwa na miaka mingapi?

Nikamgeukia Musembi.

— Mwalimu, hebu tueleze tena zile siku fupi. Polepole.