Tone la Uji Kwenye Kitenge cha Nyanzobe

Mgeni rasmi, kabla ya salamu tunaomba tuanze na tone la uji. Lilikuwa limekauka kwenye pindo la kitenge cha mama mmoja, asubuhi, kwenye benchi la kituo hiki cha afya. Mwenzetu aliyemsindikiza aliliona kabla ya mtu mwingine. Akalowesha kidole kwa mate, akalifuta. Kikundi chetu kilizaliwa hapo.

KARIBU

Sisi ni wanawake kumi na wanne wa Tunduma tunaosindikiza wagonjwa wa upasuaji wa kwenda na kurudi. Tunakukaribisha kwa heshima. Wengi wetu tunafanya biashara ndogo mpakani, na shule hatukumaliza. Tukikwama kusoma, tuvumilie.

TULIVYOANZA

Mama yule anaitwa Nyanzobe, mfugaji na mkulima wa mpunga kule Kamsamba. Alikuwa na ngiri ya kitovu. Daktari wa upasuaji huja hapa mara moja kwa mwezi. Mgonjwa hupasuliwa asubuhi, jioni anaruhusiwa. Nyanzobe alifikia kwa mwenzetu huyo aliyemsindikiza, ambaye amekuwa akinunua mchele wake tangu akiwa binti mdogo.

Aliagizwa asile wala kunywa kitu tangu saa sita usiku. Lakini kwetu mgeni hatoki nyumbani na tumbo tupu, sembuse anayekwenda kukatwa. Alfajiri mwenzetu akamwekea uji wa ulezi.

"Walisema nisile," Nyanzobe alisema kwa Kiswahili chake kidogo.

"Walikataza ugali, mama. Huu ni uji tu, tena mwepesi. Kisu utakivumilia kwa nguvu gani?"

Akaupokea kwa mikono miwili, akanywa wote.

Hapa kituoni Sista Tukuswiga aliuliza kama mgonjwa amekula. Akajibiwa kwamba hajala. Nyanzobe akiwa kwenye usingizi wa dawa, uji ulipanda ukaingia kwenye mapafu. Alikimbizwa hospitali kubwa, akalazwa siku kumi na tisa. Alipona, ila mpaka leo akipanda kilima hukohoa hadi aketi. Kikao chetu cha kwanza kiliandika kwamba mgonjwa alificha.

Kamsamba habari ilifika kivingine. Walisema sindano ya Tunduma inaziba pumzi, na kwamba Sista hakuuliza chochote. Huko alikuwepo Mhoja, baba wa watoto watatu, naye alikuwa na ngiri. Tulimfuata. Alitujibu, "Mimi siendi kuchomwa sindano ya Nyanzobe." Ngiri yake ilipojikaba, utumbo ukabanwa humo, walimpakia kwenye trekta la mpunga. Hakufika.

TUNAYOFANYA

Jioni ya kuamkia upasuaji tunakwenda alikofikia mgonjwa na kumfunga kitambaa chekundu mkononi. Majirani wote wa Tunduma sasa wanajua: mwenye kitambaa hapewi kitu, hata kama ni shemeji na hata akiomba. Mzee Kasiani wa kijiji cha Ruanda alitulalamikia, "Mnanifunga kama mbuzi wa mnadani!" Erica wetu akamjibu, "Mbuzi wa mnadani angekuwa ameshiba, baba." Alicheka, lakini hakukivua. Tumeshasindikiza watu sitini na watatu.

YANAYOTUSHINDA

Kupona kunatushinda kuliko kujiandaa. Mtu anatoka hapa jioni bado ana kizunguzungu, anapanda bodaboda kwenda Isansa. Dada Conjesta aliandikiwa asinyanyue kitu kizito wiki sita. Karatasi hakuweza kuisoma, na kwa kuwa alirudi siku ileile, nyumbani walidhani ameugua kidogo. Siku ya tatu alijitwika ndoo ya maji. Nyuzi ziliachia akiwa bado njiani.

Wa Kamsamba wenyewe hawaji tena. Tangu Mhoja azikwe, hakuna hata mmoja aliyekuja.

MAOMBI

Tunaomba chumba kimoja chenye vitanda vinne, mgonjwa wa mbali alale hapa usiku wa kwanza. Tunaomba masharti asomewe mgonjwa mwenyewe kwa lugha yake, Kisukuma, Kinyiha au Kinamwanga, na ayarudie kwa mdomo wake.

Tena tunaomba gari siku moja, twende Kamsamba. Anahitajika mtu asimame mbele yao awaambie sindano haikuwa na kosa. Mtu huyo kikao hakikumpata.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awape wepesi wote walio na nyuzi mwilini leo.

Ni sisi, Kikundi cha Kitambaa Chekundu, Tunduma.

Imesomwa na Nesta.

Mgeni rasmi, naomba nisikae bado. Haya ya mwisho kikao hakikuyapitisha, nimeyaandika mwenyewe jana.

Mtu wa kwenda Kamsamba amepatikana. Uji ule niliupika mimi. Tone lile nililifuta mimi, kwa sababu niliogopa akirudishwa atangoja mwezi mwingine na maumivu yake, na niliona aibu. Wenzangu, Nyanzobe hakuficha kitu. Swali hakulielewa, akanigeukia mimi nimweleze. Sikumweleza. Sista Tukuswiga, uliuliza, tena uliuliza mara mbili. Mara zote mbili ni mimi niliyesema, "Hajala."